ACR 3 si hukumu ya kifo

Mama anatoka kupigwa picha ya titi, bahasha mkononi. Ripoti ni ya Kifaransa, na chini kabisa imeandikwa: ACR 3. Kabla hajafika nyumbani kwake mtaani Katuba, majirani wameshamzika.

Tuelewane. Alama za ACR, zinazoonyesha kiwango cha shaka ya kansa ya titi, zinaanzia 0 hadi 6. Sifuri maana yake uchunguzi haujakamilika, inatakiwa picha nyingine, mara nyingi ekografi, hasa kwa mama kijana ambaye nyama nzito ya titi huficha mambo kwenye mamografi. Tatu ni kitu kilichoonekana kwenye picha ambacho kinaelekea kutokuwa na madhara: uwezekano wa kansa hauzidi asilimia 2, na kwa kawaida daktari humwita mgonjwa tena baada ya miezi 6. Kuanzia 4 ndipo kwa kawaida hutolewa kipande kidogo kwa sindano kikapimwe.

Miezi sita ni mingi, sikatai. Usingizi hupotea, na jamaa hawachoki kuleta mizizi. Lakini kumkabidhi mgonjwa karatasi bila maelezo ni ukatili.

Mama, tunza picha za kwanza, maana za pili zitalinganishwa nazo. Dai tarehe ya kurudi iandikwe. Titi likibadilika kabla ya siku hiyo, usingoje, rudi kwa daktari.