SAUTI INAYOKUJA NA KUTOWEKA KATIKA MOTOKAA KUUKUU

Maneno ya hotuba iliyotolewa Kabati, Kitui, mbele ya wenye motokaa na madereva



Nimeombwa niseme nanyi habari ya jambo linalowasumbua watu wengi na kuwamalizia fedha, nalo ni ile sauti inayosikika katika gari kuukuu leo, na kesho haisikiki. Mimi si fundi. Kazi yangu ni kufasiri, yaani kuyatoa maneno katika lugha moja na kuyatia katika nyingine. Lakini nimejifunza ya kuwa sauti ya motokaa nayo ni lugha, na asiyeielewa huilipia kwa mbuzi wake.

Magari yetu mengi ni ya zamani. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililokwisha kutumika ikiwa limepita umri wa miaka 8. Lakini likiisha kuingia, hukaa nasi miaka mingi sana. Tena, ingawa Kabati ina lami, njia nyingi za kwenda vijijini ni za changarawe, zenye makunyanzi kama bati la nyumba. Makunyanzi hayo hutikisa kila nati na kila bolti, na mchanga wetu huingia kila palipopasuka.

Mjomba wangu anayo Peugeot 504 ya viti saba. Wazee wanaijua vizuri motokaa hiyo. Ilitolewa kwanza huko Ufaransa mwaka 1968, ikashinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na hata baada ya Wafaransa kuacha kuiunda kwao mwaka 1983, iliendelea kuunganishwa hapa Kenya kwa miaka mingi. Ni gari la nguvu, lakini hakuna chuma kisichochoka.

Basi, kila asubuhi mjomba alipokwisha kutoka uani na kukanyaga breki mara ya kwanza, alisikia mbele ya gari, “Ko!” Mara moja tu. Kisha kutwa nzima kimya. Akalipeleka kwa fundi. Fundi akalizungusha sokoni, akarudi, akasema, “Mzee, mimi sikusikia kitu. Labda ni shokomzoba.” Mjomba akauza mbuzi wawili, shokomzoba zikabadilishwa. Asubuhi iliyofuata, “Ko!” Fundi wa pili akasema ni bushi. Mbuzi wawili wengine wakaenda sokoni, na sauti ikabaki. Fundi wa tatu akacheka, akasema, “Huo ni uzee tu. Ongeza sauti ya redio.”

Nilipokuja nyumbani likizo, mjomba alinieleza mashaka yake. Nikamwambia, “Mjomba, tusinunue kitu kingine chochote. Kwanza tuandike.” Tukachukua daftari la shule, mimi nikakaa kando yake na kuandika kila sauti iliposikika. Niliandika saa, njia, mwendo, kama injini ilikuwa baridi au moto, na gari lilikuwa likifanya nini kabla ya hapo. Siku ya nne tukayasoma yote. Sauti ilikuwa imesikika mara sita, na mara zote sita gari lilikuwa limetoka kurudi nyuma. Pale ambapo halikurudi nyuma, sauti haikusikika hata mara moja.

Tukaenda mahali tambarare pasipo watu. Mjomba akarudi nyuma polepole, akakanyaga breki: “Ko!” Akaenda mbele, akakanyaga: “Ko!” Akaenda mbele tena, akakanyaga: kimya. Hapo tukajua ya kuwa sauti ile ilikuwa na sheria yake, nasi tulikuwa tumeipata.

Tulimpelekea fundi habari hiyo. Akalipandisha gari juu ya vigingi imara, akaondoa gurudumu la mbele la kushoto, akatuita tutazame. Kalipa, yaani kile chuma kinachoshika pedi za breki, hufungwa kwa bolti mbili. Moja ilikuwa imekwisha kuanguka njiani, na ya pili ilizunguka kwa vidole. Gari lilipokwenda mbele na breki ikakanyagwa, disiki iliivuta kalipa mpaka ikagonga na kuegemea upande mmoja, nayo ikakaa hapo kimya. Gari liliporudi nyuma ikavutwa upande wa pili, ikagonga tena. Fundi wa kwanza hakuwa mwongo. Alizunguka soko akienda mbele tu, na kalipa ilikuwa imekwisha kuegemea.

Bei ya bolti zile mbili haikufikia bei ya kuku. Lakini mimi sikuwa nikifikiri habari ya wale mbuzi wanne. Nilifikiri ya kuwa katika gari lile kila asubuhi walikaa watoto sita wakienda shule. Kama bolti ile ya mwisho ingaliachia mahali penye mteremko, kalipa ingaliweza kukwama katika gurudumu au kukata mpira wa breki, na mafuta yake yangalimwagika. Nasi tulikuwa tumeambiwa tuongeze redio.

Kwa hiyo, Mabwana na Mabibi, neno langu ni hili: sauti inayokuja na kutoweka si sauti isiyo na sababu. Ni kama homa ya vipindi. Daktari mwema hamdungi mgonjwa sindano kabla ya kuuliza, “Hukujia wakati gani?” Nanyi ulizeni vivyo hivyo, kabla ya kununua kipuri.

Kwanza, toeni kila kitu garini: jeki, spana, chupa zilizo chini ya viti. Sauti nyingine huishia hapo.

Pili, gari likiwa limesimama, ongezeni moto wa injini. Sauti ikiongezeka pamoja nao, tafuteni katika injini na vitu vilivyofungwa juu yake. Ikiwa sauti hufuata mwendo wa magurudumu, tafuteni chini.

Tatu, angalieni kona. Mvumo unaozidi kwa mwendo, na kubadilika gari linapopinda, mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, mlio wa “ka-ka-ka” unapopinda sana waonyesha ya kuwa kiungo cha ekseli kimelika. Aghalabu mpira wake ulipasuka zamani na mchanga ukaingia.

Nne, angalieni breki. Mtikisiko unaosikika katika njia mbaya, na kunyamaza ukigusa breki kidogo, watoka kwenye pedi au kalipa iliyolegea.

Tano, kila gurudumu lililofunguliwa, kazeni nati zake tena baada ya kwenda kilomita 80 au 100.

Dereva aendeshe, na mwenziwe ndiye aandike. Mwenye simu aweza kuitumia kuinasa sauti, apate kumsikilizisha fundi. Msiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala msitie mkono karibu na mikanda injini inapozunguka. Na sauti ikiwa katika breki, usukani au magurudumu, msiseme “nitaona kesho.” Lisimamisheni gari mpaka ijulikane.

Nanyi mafundi, msione aibu kumwambia mtu, “Bado sijajua, niletee habari zaidi.” Neno hilo ni rahisi kuliko shokomzoba mbili, na mwenye gari atawaheshimu kwa ajili yake.

Sisi watu wa Kitui tumezoea kuyatazama mawingu kabla ya kupanda mbegu, kwa maana dalili ya mvua ni mawingu. Tuzisikilize na dalili za motokaa zetu vivyo hivyo. Peugeot ya mjomba yaenda hata leo, na lile daftari limo ndani yake, chini ya kiti cha dereva, pamoja na kalamu.

Kwaherini.