Tusione Haya Kuutaja Utumbo Mpana

Maelezo ya tabibu kwa wakazi katika mkutano wa hadhara wa kata



Nimepewa nafasi hii nizungumzie kiungo ambacho wengi wetu hukitaja kwa kunong'ona, nacho ni utumbo mpana. Kwa mtu mzima, urefu wake ni takriban mita moja na nusu. Kazi yake ni kufyonza maji kutoka katika mabaki ya chakula na kuyasukuma mabaki hayo hadi yatoke. Kadiri umri unavyosonga, ukuta wake huweza kutuna mahali palipo dhaifu, hasa pale mishipa ya damu inapopenya, ukafanya vifuko vidogo viitwavyo divertikula.

Kuwa na vifuko si kuugua. Walio wengi huishi navyo pasipo kujua. Taabu huanza kifuko kinapovimba na kuingia maambukizi: tumbo huuma, mara nyingi upande wa kushoto chini ya kitovu, homa hupanda, mtu hukosa choo au huharisha. Kifuko kikitoboka, uchafu humwagika ndani ya tumbo na maisha huwa hatarini. Pengine mshipa ulio ukutani mwa kifuko hupasuka, mtu akatokwa na damu nyingi bila maumivu yoyote.

Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyeanza kazi Uganda mwaka 1946, alitambua kwamba ugonjwa huu, uliokuwa umeenea Uingereza, ulikuwa nadra vijijini Afrika. Mwaka 1971, yeye na mwenzake Neil Painter waliandika kwamba chanzo ni chakula kilichoondolewa makapi. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba vyanzo ni vingi zaidi: umri, urithi, unene, uvutaji wa sigara na kutoushughulisha mwili. Hata hivyo, wanaokula nyuzinyuzi kwa wingi huugua kwa uchache. Sisi tunaoacha dona kwa sembe, na kunde kwa chipsi, tujue tunachokiacha.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku. Hazihitaji fedha nyingi: zimo katika dona, ulezi, maharage, choroko, matembele, kisamvu na mapera. Ziongezwe kidogo kidogo, pamoja na maji ya kutosha, tumbo lisijae gesi. Zamani wagonjwa walikatazwa karanga, bisi na matunda yenye mbegu. Utafiti haukuthibitisha madhara hayo. Jambo la kujihadhari nalo ni dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, ambazo huongeza hatari ya kutokwa na damu. Tusizinunue na kuzimeza kila siku bila ushauri. Wala aliyeandikiwa na daktari asiziache kabla ya kumwuliza.

Ndugu wananchi, linalonisumbua zaidi ni ukimya. Mzee huona damu chooni, akajisemea ni bawasiri, akanywa mizizi miezi kadhaa, kwa kuwa anaona haya kumwambia mwanawe. Damu hiyo yaweza kweli kuwa bawasiri. Yaweza pia kutoka katika vifuko, au kuletwa na kichocho cha tumbo, amiba au saratani ya utumbo. Kwa macho hatuwezi kuzitenganisha. Vipimo ndivyo vinavyotenganisha. Saratani ikigunduliwa mapema hutibika. Ikichelewa, tiba huwa ngumu.

Kwa hiyo, mwenye damu chooni, aliyebadilika choo kwa majuma kadhaa, au anayekonda bila sababu, afike zahanati na aseme waziwazi, ili apewe rufaa ikihitajika. Mwenye maumivu makali ya tumbo pamoja na homa, tumbo lililokakamaa, au damu nyingi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Msimnyweshe dawa ya kuharisha.

Nanyi vijana, waulizeni wazazi wenu kwa adabu na faragha. Mzazi akiona ugumu kumweleza mwanawe, na aelezwe mjukuu, shangazi, au mhudumu wa afya wa kijiji. Mficha maradhi, kilio humfichua.