Mshahara ni Haki: Tupimeje Programu ya Kompyuta ya Mishahara?

(Haya ni maneno yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya mkutano wa watumishi wa Serikali na walimu.)



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi: namna kampuni ya wastani, yenye wafanyakazi kama 200 hivi, inavyopaswa kuipima programu ya kompyuta ya utumishi na mishahara kabla ya kuinunua. Huenda mtu akauliza, jambo hilo latuhusu nini? Latuhusu, kwa sababu wengi wetu tumo katika bodi za shule, za vyama vya akiba na mikopo, na za mashirika, na siku yoyote twaweza kuletewa karatasi za zabuni tutie sahihi. Tena nani aujuaye uchungu wa hesabu ya mshahara iliyokosewa kuliko mwalimu aliyepandishwa daraja, kisha akangoja malimbikizo yake mwezi hadi mwezi?

Hoja yangu ni moja. Programu ya mishahara isipimwe kwa uzuri wa maonyesho ya muuzaji, wala kwa bei peke yake. Ipimwe kwa jinsi inavyomtendea mfanyakazi mwenye hesabu ngumu, na kwa muda unaopita kabla kosa lililompata halijasahihishwa. Kulipa mshahara usiobadilika, hata daftari na kalamu huweza.

Tuchukue mfano. Karani wa Tanzania Bara analipwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Mchango wake wa NSSF ni asilimia 10, yaani shilingi 60,000, na kodi hutozwa juu ya zile 540,000 zinazobaki. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kodi. 250,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8, yaani 20,000. Na 20,000 za mwisho hutozwa asilimia 20, yaani 4,000. Kodi yake basi ni shilingi 24,000. Sasa programu ikipangwa vibaya, ikatoza kodi kabla ya kuondoa mchango, itamkata shilingi 36,000. Zile 12,000 za ziada ni ndogo machoni pa bodi, lakini kwa mwaka ni shilingi 144,000 zilizotoka katika chakula na daftari za watoto. Wala hakuna mwizi katika jambo hili. Ni mpangilio mbaya tu, unaorudiwa kila mwezi kwa utiifu wa mashine.

Ndugu zangu, tusidhani kwamba makosa haya ni ya nchi maskini. Machi 2010, idara ya afya ya jimbo la Queensland, Australia, ilianza kutumia mfumo mpya wa mishahara kwa wafanyakazi wapatao 80,000. Wako waliolipwa pungufu, wako waliozidishiwa, na wako wasiolipwa kabisa. Tume ya uchunguzi iliundwa, ikatoa taarifa yake mwaka 2013. Februari 2016, Serikali ya Kanada nayo ilianza kuutumia mfumo ulioitwa Phoenix, na watumishi wengi mno wakakosewa malipo. Mkaguzi Mkuu wa nchi hiyo alieleza mwaka 2018 kwamba wasimamizi walikuwa wamefuta majaribio yaliyokusudiwa, na wakaondoa baadhi ya kazi muhimu ili kubana gharama. Miongoni mwa kazi zilizoondolewa ilikuwa ni kukokotoa malipo ya nyuma, yaani malimbikizo! Maofisa waliozijua hesabu hizo nao walikuwa wamekwisha kupunguzwa, kwa matumaini kwamba mashine ingetosha.

Basi tufanye nini? Kwanza, kampuni isikubali majina ya mfano yanayoletwa na muuzaji. Impe kesi zake yenyewe, tena zilizo ngumu: mfanyakazi aliyeanza kazi katikati ya mwezi, mama aliye katika likizo ya uzazi ya siku 84, mlinzi wa zamu ya usiku anayestahili nyongeza isiyopungua asilimia 5, na ambaye kila saa yake ya ziada hulipwa mara moja na nusu, mhitimu anayekatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa mkopo wa elimu ya juu, ambaye deni lake limekwisha mwezi huu, na mtu aliyepandishwa cheo kuanzia miezi mitatu iliyopita. Mhasibu akokotoe kwa mkono, kisha majibu yalinganishwe.

Pili, mfumo wa zamani na mpya iende sambamba kwa miezi miwili au mitatu, na kila tofauti, hata ya shilingi moja, ielezwe. Yule ofisa anayezijua hesabu asiondolewe wakati huo, wala baadaye.

Tatu, tuulize ni nani atakayebadilisha viwango Bunge likipitisha sheria ya fedha. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi ilishuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5 mwaka 2023. Kama kila badiliko lazima lingoje fundi wa ng'ambo na ankara ya dola, kampuni haikununua chombo, imejitia utumwani.

Nne, tutazame ulinzi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari nalo laweza kudanganya. Mwaka 2016 Serikali yetu iliwaondoa watumishi hewa zaidi ya 10,000 katika orodha ya mishahara, ingawa orodha hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta. Mashine humlipa yeyote aliyeandikwa. Kwa hiyo anayeingiza jina asiwe ndiye anayeidhinisha malipo, na programu itunze kumbukumbu ya kila aliyebadilisha kitu, siku na saa. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yatulazimisha kujua taarifa za wafanyakazi zinahifadhiwa wapi, na mkataba uhakikishe kuwa kampuni itazipata zote siku itakapoachana na muuzaji.

Mwisho, na hili ndilo linalosahauliwa, wafanyakazi wenyewe washirikishwe katika kupima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe maelezo ya malipo na makato. Hati ya mshahara iandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, ili mfagizi naye ajue amekatwa nini na kwa nini. Akiona kosa, ajue amwendee nani, na ajibiwe kabla ya mshahara unaofuata. Programu isiyoweza kutimiza hayo irudishwe kwa mwenyewe, hata kama ni rahisi kuliko zote.

Maendeleo ya mitambo hatuyakatai. Tunachokataa ni mfanyakazi kuambiwa "kompyuta ndiyo iliyokata", kana kwamba kompyuta ni mwajiri. Mwajiri ni mtu, na ni lazima ajibu.