Kisomo Kinahitaji Somo



Nilipoanza kufundisha darasa la kisomo kwa kujitolea, nilipewa semina ya siku tatu. Nikaelezwa jinsi ya kutumia kitangulizi, yaani kitabu cha kuanzia kusoma, na jinsi ya kujaza rejista, nikakabidhiwa boksi la chaki na fulana yenye nembo ya shirika. Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya watu wazima kumi na wanne, wengi wao wa umri wa mama yangu, katika ukumbi ulio nyuma ya soko. Nikaandika irabu tano ubaoni, nikasoma, wakafuatisha. Wiki ya tatu walibaki sita.

Hakuna aliyekuja kuniona nikifundisha, mwezi ule wala mwaka ule. Waliokuja walikuja kuhesabu vichwa. Kosa langu nililijulia sokoni. Mama mmoja muuza dagaa, mmoja wa wale walioacha, alikuwa akimpa simu kijana wa meza ya jirani amsomee ujumbe wa pesa ulioingia. Aliponiona alisema kwa upole, "Mwalimu, mimi nilikuja nijue hizi."

Kesho yake nilifuta irabu nikaandika neno moja: umepokea. Wote walilijua kwa sura, maana limo katika ujumbe wa pesa zinapoingia. Tukalikata silabi. Neno hilo peke yake lina irabu nne kati ya zile tano, na lina maana kwa kila aliyekaa kwenye benchi lile. Yule mama alirudi. Baada ya miezi michache alikuwa akisoma jina la mtumaji na salio lake, na hampi mtu simu.

Nasimulia haya kwa sababu mbinu ile ndogo ilipaswa kunifikia kwa mtu, nami niliipata kwa bahati, baada ya kupoteza wanafunzi wanane.

Watu wa pwani walilijua jambo hili zamani. Mwali hafundwi kwa siku tatu akaachwa. Ana somo wake, na somo huyo hamwachi siku ya kutolewa. Humfuata hata nyumbani kwake, humwuliza, humsahihisha faraghani. Katika kazi yetu ya kisomo tumebaki na semina, tumemsahau somo.

Baadaye shirika letu likabadilika. Likaja na mpango mpya: madarasa matatu yaunganishwe, mahudhurio yatumwe kwa simu, kitangulizi kiwekwe kando, na wanakikundi wajadili matatizo yao kwanza ndipo wasome. Na sisi tusiitwe walimu tena, tuitwe wawezeshaji. Mpango wenyewe niliupenda, na bado naupenda. Lakini tulielezwa katika kikao cha asubuhi moja, kati ya chai na chakula cha mchana. Mwenzangu aliyefundisha miaka sita kwa kuandika na kufuatishwa aliuliza, "Sasa nikiingia darasani nianze na nini?" Akajibiwa kuwa maelezo yako kwenye mwongozo. Hakurudi. Mtu wa kujitolea haandiki barua ya kuacha kazi. Haji tu, na ofisi huchukua miezi kugundua kuwa darasa limekufa.

Nchi yetu, Tanzania, imewahi kulitazama suala la kuwaandaa wanaofundisha kwa uzito wake. Mwaka 1967, watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1975 walikuwa 39. Walimu wa shule peke yao wasingeweza. Mzigo mkubwa ulibebwa na watu wa kujitolea, kwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Na mwaka 1973 ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vilikaa kuizunguka redio kwa wiki 12, vitabu mkononi, vikijadili malaria, kuhara damu, kichocho. Waliohudhuria walikuwa kama milioni 2. Kwa ajili yao waliandaliwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, kwa semina zilizoshuka ngazi kwa ngazi. Walichotakiwa kujifunza kilikuwa kigumu kuliko kusoma kitabu: kutohutubia. Kuuliza swali, kunyamaza, kuwaacha wanakijiji wabishane, kisha waamue wenyewe choo kitachimbwa lini. Natamani kila kiongozi wa shirika la kisomo aitafakari idadi ile ya viongozi wa vikundi. Ni kiongozi mmoja kwa watu wasiofika 30.

Mafunzo ya ngazi kwa ngazi nayo yana udhaifu wake. Ni kama maji ya viganja: kila yanapopokewa yanamwagika kidogo, na wa mwisho, ambaye ndiye anayekutana na mwanafunzi, anabaki na unyevu. Ndiyo maana semina peke yake haitoshi, hata iwe nzuri vipi.

Mbali na kwetu, mjini Syracuse katika jimbo la New York, Ruth Colvin alianzisha kikundi cha kujitolea mwaka 1962, aliposoma gazetini kuwa zaidi ya watu 11,000 mjini kwake hawakujua kusoma. Aliona mapema kwamba nia njema haimfanyi mtu kuwa mwalimu, akashughulikia mafunzo ya wale wa kujitolea. Mji huohuo ulikuwa makao ya shirika la Frank Laubach, mmisionari aliyeanza kazi ya kisomo Ufilipino mwaka 1930. Wa Laubach walianza na chati za picha na herufi; wa Colvin walithamini sana maneno ya mwanafunzi mwenyewe, aliyosema kwa kinywa chake, yakaandikwa, akayasoma. Mwaka 2002 mashirika hayo mawili yaliungana yakawa ProLiteracy. Kila nikiufikiria muungano ule simfikirii mkurugenzi. Namfikiria mwalimu aliyezoea chati yake, na mtu atakayekaa naye mpaka aizoee njia ya pili.

Basi ninyi mnaoongoza mashirika haya, mnapoandika bajeti ya mabadiliko, wekeni nauli. Nauli ya mwalimu mzoefu kwenda kukaa nyuma ya darasa la mgeni, aangalie, wazungumze wawili, arudi mwezi ujao. Na kabla hamjabadilisha kitu, muulizeni anayefundisha. Wafadhili wakitaka kujua fedha zilikwenda wapi, waonyesheni darasa ambalo bado lina watu wiki ya ishirini.

Mimi Jumamosi hii saa tisa alasiri nina safari. Kuna kijana ameanza darasa mwezi huu, nami nimemwahidi nitakaa benchi la nyuma, na daftari.