Laga kavu bado ni mto

Leo nazungumza nawe uliyefika Kakuma juzi na watoto, kutoka Kivu au Bujumbura. Kwenu, mvua ikinyesha unajua mto utajaa. Hapa Turkana sivyo. Laga ya Tarach hukaa mchanga mtupu miezi mingi. Watoto wanacheza mpira humo, akina mama wanachimba maji. Lakini mvua ikinyesha milimani, upande wa Uganda, maji hushuka ghafla, hata kama kwetu jua linawaka. Basi mama, baba, ukisikia mngurumo, au ukiona wenyeji wanatoka lagani mbio, toa watoto kwanza. Mtungi uache, mwingine utapatikana. Tuko hapa kwa muda. Siku ya kurudi nyumbani, turudi wote.