Ukweli na Tumaini Siku za Dhiki



Usharika unapotimiza miaka 100, ni desturi kuhesabu majengo, waliobatizwa na watumishi waliotangulia. Ipo hesabu nyingine inayostahili kufanywa: siku za dhiki, kanisa liliwaambia watu wake nini?

Katika Kitabu cha Yeremia, sura ya 28 na 29, manabii wawili wanasema na taifa moja lililovunjika moyo. Hanania anatangaza kwamba mateka watarudi kutoka Babeli kabla ya miaka 2 kwisha. Yeremia anawaandikia mateka kwamba itakuwa miaka 70. Basi wajenge nyumba, wapande bustani, walee watoto na kuuombea mji walikohamishiwa. Habari ya Hanania ndiyo iliyopendeza masikioni. Ile ya Yeremia ndiyo iliyowawezesha watu kuishi.

Mkoa wa Kagera ulikutana na jaribu hilo hilo. Vita dhidi ya Idi Amin vilikwisha mwaka 1979, magendo yakashamiri mpakani, kisha ukazuka ugonjwa uliokondesha watu hadi kufa. Watu wakauita Juliana, jina la nguo za biashara zilizopendwa siku hizo. Wengine walisema ni uchawi wa wafanyabiashara wa ng'ambo waliodhulumiwa. Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humu, katika Hospitali ya Ndolage, ambayo ni hospitali ya Kilutheri. Kufikia mwaka 1986, mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa.

Uvumi ule ulikuwa na gharama. Aliyeamini ni uchawi aliuza ng'ombe na kibanja amlipe mganga, huku akimwambukiza mwenzi wake bila kujua. Aliyeamini ni laana alimtenga ndugu yake wa damu. Hata makanisani kifo kilitangazwa mara nyingi pasipo kutaja ugonjwa, ili wafiwa wasiaibike. Ilikuwa heshima, lakini vijana waliosikiliza hawakupata onyo.

Hata hivyo, wapo waliochagua njia ya Yeremia. Wauguzi waliwaosha wagonjwa wakati ambapo majirani waliogopa hata kuwashika mkono. Mwaka 1989 Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ilianzisha HUYAWA, yaani Huduma ya Watoto, kwa ajili ya yatima. Dawa haikuwapo, wala hakuna aliyeweza kuahidi kwamba msiba ungekwisha karibuni. Lakini ugonjwa ulipotajwa kwa jina lake, kazi ilionekana: mjane alimiwe, mtoto apelekwe shule, mgonjwa asife peke yake. Nalo tumaini likapata pa kusimama. Serikali ilipoanza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi mwaka 2004, waliokubali kupimwa na kujua hali zao ndio waliokuwa tayari kuzipokea.

Jaribu halikuishia hapo. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka Afrika Mashariki yote walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile wa KKKT kwa shilingi 500. Baadhi waliacha dawa zao wakiamini wamepona, na wapo waliofariki. Hapa si mahali pa kuhukumu nia ya mzee huyo, ambaye alifariki mwaka 2021. La kukumbuka ni kwamba imani ya kweli haiogopi kipimo. Bwana Yesu mwenyewe aliwatuma wenye ukoma 10 wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kazi yao ilikuwa kuthibitisha utakaso. Aliyeponywa na Mungu hapungukiwi kitu akirudi kupimwa.

Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa mkoani Kagera, watu 6 walifariki kabla haujadhibitiwa. Siku hizi uvumi hausubiri gulio. Unaingia nyumbani kupitia simu, hata usiku wa manane. Kwa hiyo Mkristo anapopokea habari ya kutisha au ya kufurahisha mno, inampasa kuuliza kabla ya kuisambaza: Nani ameshuhudia? Nani ameithibitisha? Nani ataumia ikiwa si kweli? Amri ya 8 inakataza kumshuhudia jirani uongo, nayo haikusema kwamba uongo uliopokewa kwa mwingine si uongo.

Usharika nao una hazina ambayo simu haina: wakati wa matangazo ya Jumapili, pale watu wanapofahamiana kwa majina, na msemaji ataonana na wasikilizaji wake tena kesho kisimani. Hazina hiyo ilindwe. Mgonjwa atajwe kwa ridhaa yake na kwa upendo, habari zisizo na hakika zisitangazwe, na palipo na hofu pasemwe ukweli pamoja na sala.

Wazee wa Karagwe na Kyerwa wanajua kutunza kibanja: mgomba mkubwa haujakatwa, na chipukizi lake tayari limeachwa kando. Haidaiwi kwamba upepo hautavuma. Kinachofanyika ni kuacha chipukizi. Usharika unaoingia karne ya pili na ufanye vivyo hivyo: useme kweli kuhusu upepo, na uendelee kupanda.

Bwana awabariki. Amina.