GARI LA BEI MOJA
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa sasa na wa zamani, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nizungumze juu ya mashindano ya magari, kwa kuwa chama cha ufundi wa magari cha shule hii kimefufuka, na kamati yetu ya wanafunzi wa zamani inafikiria kukinunulia gari la mashindano. Makisio ya bei nimeyaona. Gari lenyewe ni la turbo, lenye kusukumwa na magurudumu yote manne, na fedha tulizochanga zitalinunua na kubakisha senti za seti moja ya tairi. Tangu sasa niseme wazi kwamba mimi siungi mkono. Lakini nipeni nafasi nieleze fikira hii niliipata wapi.

Nyote mnaijua Safari Rally: magari huondoka moja moja, yakakimbia mbali, na mtazamaji akala vumbi. Ralikrosi ni ndugu yake mdogo. Kiwanja ni kifupi cha mviringo, sehemu lami sehemu changarawe, na magari kadhaa huondoka kwa pamoja, bega kwa bega. Mchezo huu ulianza Uingereza, tarehe 4 Februari 1967, katika kiwanja cha Lydden Hill, jimboni Kent, nao ulitungwa kwa ajili ya televisheni. Aliyeshinda siku ile ni Vic Elford, akiendesha Porsche 911.

Zamani hizo mtu aliweza kuja na Mini aliyoitengeneza mwenyewe, akashindana bila aibu. Kisha zikaja turbo, yakaja magurudumu manne. Magari ya Kundi B, yale makali yaliyopigwa marufuku katika mbio za dunia baada ya vifo vya mwaka 1986, yalihamia kwenye ralikrosi ya Ulaya na kukaa humo hadi 1992. Mashindano ya dunia ya ralikrosi yalipoanza mwaka 2014, gari la daraja la juu lilikuwa na injini ya lita 2 yenye nguvu za farasi zipatazo 600. Ulipokwisha mwaka 2018, Audi na Peugeot walifunga virago. Ikiwa hata viwanda vya namna hiyo vinaondoka, fundi mwenye gereji ya milango miwili atasimama wapi?

Wenye mchezo hawakukaa bure. Waingereza waliweka madaraja ya magari madogo ya kawaida, na daraja jingine ambamo kila mtu huendesha Suzuki Swift. Ni jambo jema, nami silidharau. Lakini kanuni inayotaja vipuri humwalika mwenye fedha atafute mlango wa nyuma. Ukimfungia injini kwa lakiri, atanunua shokapu za bei mbaya. Ukimfungia shokapu, atabadilisha tairi kila mbio. Ukimfungia na tairi, atakodi kiwanja katikati ya wiki ajizoeze siku nzima peke yake, wakati wewe uko kazini.

Mimi nilitoka shule hii mwaka 1987, na baada ya miaka michache nilijikuta nikifanya kazi katika gereji moja karibu na Göteborg, nchini Sweden. Huko kuna mchezo uitwao folkrace, yaani mbio za watu, na kijana wa miaka 15 anaruhusiwa kuingia. Wafini nao wanao wa kwao. Magari ni yale yaliyochoka, Volvo za zamani hasa, yaliyotolewa vioo na kutiwa kizimba cha vyuma ndani. Kanuni iliyonishangaza ni moja. Gari lolote lililoshindana siku hiyo laweza kununuliwa na mshindani mwingine, kwa bei moja iliyowekwa na wakuu wa mchezo. Bei hiyo haifikii mshahara wa mwezi mmoja wa fundi wa kawaida wa huko. Anayetaka kununua hutia fomu na fedha. Wakiwa wengi, hupigwa kura. Mwenye gari akikataa kuuza, ananyang'anywa leseni.

Niliisikia kanuni hii, nikaicheka. Nikachukua Volvo 240, nikaifanyia kazi majira yote ya baridi. Nilifungua injini, nikasawazisha kila pistoni kwa mzani wa jikoni wa mke wangu. Nikatia difu ya kufunga, na shokapu ambazo bei yake sikumwambia mtu. Nilishinda mizunguko miwili siku ya kwanza. Jioni nikaitwa ofisini. Fomu ilikuwa moja tu, ya kijana mmoja mwana wa mkulima, aliyemaliza wa mwisho. Akahesabu noti mezani. Nilirudi nyumbani nikivuta trela tupu, na mke wangu alipouliza gari liko wapi, nilisema nina usingizi.

Nilikasirika kwa muda mrefu. Kisha nikajenga gari la pili kwa vyuma vya kuokoteza tu, na hapo ndipo nilipojifunza kuendesha, maana nilikuwa sina kitu kingine cha kutegemea. Mwaka uliofuata nami nikatia fomu, nikanunua gari la mzee mmoja aliyekuwa akitushinda sote. Nililifungua boliti kwa boliti kwa wiki mbili. Alivyopanga uzito, alivyofunga springi za nyuma, yote nikayaona. Hakuna chuo kilichowahi kunifundisha kwa bei ile.

Kanuni hii haikosi hila. Marafiki hununuliana magari kwa siri ili yasitoke kundini, na ukipata mwenye uchungu kama niliokuwa nao mimi, siku ya pili haji tena. Lakini huyu aliyemaliza wa mwisho huja.

Hapa Kenya otokrosi yetu imegawa madaraja: ya magurudumu mawili yanayosukuma, ya manne, yenye turbo na yasiyo na turbo, hata watoto wana vigari vyao. Mgawanyo huo unasaidia. Hata hivyo haumzuii mtu kumwaga fedha ndani ya daraja lake. Wala sisemi tuige Sweden neno kwa neno. Kule gari lililokataliwa barabarani ni chuma chakavu. Kwetu gari halifi, likichoka mjini hupelekwa mashambani likabebe kabichi. Kwa hiyo bei yetu ya kikomo itakuwa kubwa kuliko yao, na itabidi tuikadirie kwa bei za Grogan, si kwa ndoto. Tena mikanda, kofia ngumu na kizimba cha vyuma visihesabiwe katika bei hiyo. Hapo sitaki mtu abane matumizi.

Ombi langu kwa kamati ni kwamba fedha zilezile zinunue magari matatu ya kawaida, yasiyo na turbo. Tuzialike shule jirani zilizo na karakana, kila moja ije na la kwake, na jioni fomu ziwe mezani. Najua baadhi yenu mlitaka jina la shule liandikwe kwenye gari linalong'aa. Na najua pia kwamba gari lile likivunja giaboksi mara moja, litakaa chini ya turubai hadi hawa wadogo kabisa wamalize shule, na hakuna mwanafunzi atakayeruhusiwa kulishika.

Nimekuja na Toyota DX yangu, iko pale chini ya mwarobaini. Nimeipigia hesabu mpaka boliti ya mwisho, na karatasi iko ndani kwenye kiti. Boneti liko wazi. Anayetaka kuitazama baada ya chakula aje, ila avue sweta la shule kwanza, mafuta yake hayatoki.